Nilitafuta mwiko wa kugeuzia tambi, nikaukuta kwenye valizi ya mke wangu

Wakuu, salamu kutoka Baraka, Fizi, huku kando ya ziwa. Ninayoyasimulia ni ya kweli tupu. Chumvi pekee iliyomo ni ile niliyotia kwenye sufuria.

Mimi navua ndagala, dagaa wa huku kwetu. Tunaingia ziwani jua likizama, tunarudi kukicha, nalala. Mke wangu Feza ni fundi cherehani sokoni. Anaondoka mimi nimeanza kukoroma, anarudi saa sita mchana kwa saa moja tu, kisha huyo anarudi kazini.

Hiyo saa moja ndiyo ndoa yetu, wakuu.

Na mimi hiyo saa nilikuwa nailala. Anasonga bugali haraka, ananiamsha, nakula macho nusu, namjibu "mm", narudi kitandani. Nikifumba macho naziona taa za mitumbwi zinaelea, zinaongezeka, na sauti ya Feza inaelea humo humo. Sikujua ipi ni ndoto, ipi ni nyumba. Niseme ukweli, nilikuwa naipenda ile hali. Ilikuwa tamu.

Wahenga walisema aliyelala usimwamshe. Feza aliamsha mpaka akachoka.

Wiki hii akasimama mlangoni akaniuliza, "We Wilondja, mi niliolewa na muntu ao na blanketi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Keshokutwa naenda kwa mama, kule Lubondja. Siku tatu tu, nitarudia."

Usiku ule mbalamwezi ilikuwa kali. Mwezi ukiwaka hivyo ndagala hawafuati taa, kwa hiyo hatukuingia ziwani. Siku kama hizo huwa nalala mpaka mchana, lakini safari hii neno la blanketi likaniamsha asubuhi kama watu wengine, na nyumba yangu ikanishangaza. Mwanga wa saa nne unaingia dirishani, vumbi linapanda ndani yake polepole. Uwanja umefagiwa mistari mistari. Miaka miwili naishi humo, sikuwahi kuiona ile mistari.

Nikasema leo nampikia mimi, tule pamoja kabla hajasafiri.

Sombe, yaani kisamvu? Kutwanga tu kunamaliza asubuhi. Bugali? Nitalala tena. Nikaenda dukani nikachukua pakiti mbili za tambi, huku tunaziita spageti tu.

Kwa wanaotaka mapishi: chemsha maji na chumvi, tia tambi, zikilainika kidogo epua, mwaga maji. Kwenye kikaango weka mawese yachemke, halafu kitunguu, karoti, kabichi iliyokatwa nyembamba, ndagala wakavu kiganja kimoja, pilipili. Kisha tambi zenyewe, na hapo ni kugeuza haraka haraka. Ukizubaa zinashika chini.

Kugeuza na nini sasa? Nikanyoosha mkono kwenye msumari unapotundikwa mwiko. Haupo. Kwenye beseni la vyombo haupo. Harufu ya kuungua ikaanza. Nikaingia chumbani, hata sijui kwa nini, nikafungua valizi yake ya safari aliyokwisha kuipanga.

Mwiko ulikuwa katikati ya nguo, umefungwa kwa kitenge.

Wakuu, mwanamke anayekwenda kumsalimia mama yake siku tatu habebi mwiko. Kwa mama yake miiko ipo. Usingizi wa miaka miwili ukanitoka pale pale: huyu anahama.

Nikarudi nao jikoni nikageuza tambi. Ningefanya nini tena?

Saa sita Feza akaingia. Akaona kikaango, akaona mwiko.

"Uliuona wapi?"

"Mu valizi yako."

Akakaa chini. "Mi nilizani we iko nalala."

Tukala. Bugali unaumaliza kwa matonge sita. Tambi zinakuchelewesha: unazungusha, zinaponyoka, unazungusha tena. Nadhani kule kuchelewa ndiko kulikomfungua mdomo. Akasema, macho kwenye sahani, "Mwezi uliopita nilikuambia mimba ilitoka. We ulisema 'mm', ukageuka."

Nikakumbuka. Nilidhani niliota. Hata ufukweni niliwasimulia wenzangu kwamba nimeota mke wangu analia kando ya maji, wakaniambia hiyo ni riziki inakuja.

Nililia, wakuu, mbele ya sahani. Nikamwomba msamaha kwa ajili yake na kwa ajili ya mtoto ambaye hata sikujua alikuwepo. Feza akazungusha tambi, akatafuna. Halafu akasema, "Hii spageti iko na chunvi mingi." Akaendelea kula.

Sikumwambia asiende. Sikuwa na mdomo wa kumzuia. Alfajiri ya kesho yake akapanda pikipiki, valizi imefungwa nyuma, nikabaki uwanjani naogopa kuingia jikoni.

Nilipoingia, mwiko ulikuwa kwenye msumari wake, ncha bado nyekundu kwa mawese.

Nilichojifunza ni kwamba anayekusemesha ukiwa umelala hatakusemesha milele. Enyi mnaofanya kazi za usiku, nyumbani kwenu mnaamkaje? Nipeni uzoefu. Na wanaotaka kunitukana karibuni pia, nimestahili.

Leo ni siku ya tatu. Maji nimeshabandika, na chumvi safari hii nimetia kidogo.