Mafua ya Mwalimu Amoni

Magazeti ya watu binafsi yalipoanza kufika Lufingo, Mwalimu Amoni ndiye aliyewasomea wenzake gulioni, kwa mbwembwe.

"Ulaya, virusi vya mafua vinakula kansa!"

Kwamba virusi hivyo vilibadilishwa kwanza maabarani, tena bado ni majaribio, hilo aliliruka makusudi, lingepoza habari. Mtu na sifa zake!

Wiki iliyofuata Bibi Esnath, mwenye kansa ya shingo, alibisha hodi kwake na mkungu wa ndizi kichwani. Akautua, akachuchumaa, akafungua kitenge shingoni.

"Mwalimu, nasikia una mafua. Naomba unikoholee hapa."

Amoni alitamani ardhi ipasuke immeze. Kikohozi kilimpanda, akakizuia mpaka machozi yakamtoka.

Bibi alisubiri, kisha akauliza taratibu, "Au ndizi hazitoshi, baba?"