Wapangaji Niliowakuta Kileleshwa

Asubuhi moja ya ujana wangu imenirudia, mwanangu, tangu uliponiambia umenunua nyumba ya kupangisha Hurlingham, na hujui ubaki na wapangaji uliowakuta au uwatoe.

Nilikuwa na duka la vitambaa mjini, na nilikuwa nimenunua nyumba ya ghorofa kule Kileleshwa iliyokaliwa na familia nne. Nilitaka kuipaka rangi, kisha niingize watu niliowachagua mwenyewe. Basi nikamtuma ajenti awapelekee barua za kuhama. Mimi sikwenda. Niliogopa kuwatazama usoni, ila siku zile nilisema nina shughuli nyingi.

Mpangaji mmoja, Mama Nekesa, akanifuata dukani. Hakulia wala kulalamika.

"Mimi naweza hama," alisema. "Lakini mzee wangu haoni. Kuja tu umwone kwanza, halafu uamue."

Nikaenda. Kulikuwa na ukungu mwembamba, na maua ya mijakaranda yalikuwa yamelala uani, zambarau tupu. Mumewe, Mzee Wekesa, alikuwa akishuka ngazi peke yake, vidole vikipapasa ukuta polepole. Nikamwambia mimi ni nani. Akanishika mkono.

"Funga macho, kijana. Twende."

Nikafumba. Ngazi, kona, ngazi tena. Vuguvugu la jua dirishani, harufu ya mandazi mlangoni kwa jirani, kisha baridi ya chuma cha geti. Kwa muda sikujua kama nilikuwa kwenye nyumba yangu au ndani ya ndoto yake. Ilikuwa imemchukua miaka kuijua vile. Mimi niliyekuwa na hati, ningeachwa pale peke yangu ningejikwaa.

"Kwingine," alisema kwa upole, "nitaanza tena kuwa kipofu."

Nikazifuta barua siku ileile. Familia tatu zikabaki. Lakini nyumba ya chini ilikuwa tupu tayari: fundi cherehani na wanawe walikuwa wamehama wiki hiyo, hata jina lake sikulijua. Niliulizia sana, sikumpata. Huyo bado namfikiria.

Sikwambii ubaki na wote, mwanangu. Anayeharibu nyumba au kuwasumbua wenzake, mtoe, na umpe muda wa kutosha kutafuta pengine. Lakini kwanza nenda mwenyewe, upige hodi mlango baada ya mlango, ukae, usikilize. Mtu ambaye hujamwona bado, usimtoe.

Mungu aitie nyumba yako utulivu, na kila anayelala ndani yake akuombee mema. Amina.