Niliogopa maji ya mfongo mpaka nikahamishwa nyumbani. Kumbe ni PTSD, na inatibika

Wakuu, shikamooni wakubwa. Wa rika langu, mambo.

Mimi ni wa kusoma comments tu, siandikagi. Ila hili nawapa lilivyo, bila chumvi. Nipo form three.

Kwetu ni Kirua Vunjo. Msimu wa mvua kubwa uliopita, udongo wa juu ya kihamba chetu, shamba la ukoo, uliporomoka ukafukia jiko, mimi nikiwa ndani nakoroga mtori. Baba alinifukua kwa mikono. Nilitoka na michubuko tu, kanisani wakatoa shukrani, watu wakaona yameisha.

Kwangu ndo yalianza.

Kule maji ya shamba yanakuja kwa mfongo, mfereji wa tangu enzi za mababu, na kila familia ina zamu yake. Yakifunguliwa yanashuka na mngurumo. Nikiusikia tu, nipo jikoni tena. Jasho, pumzi inakata, natoka mbio hata kama naoga (samahanini kwa picha hiyo).

Mdogo wangu alikuwa anatangaza, "Paka kasikia maji."

Baba kwa huruma akaanza kumpa jirani zamu yetu, maji yasipite kwetu kabisa. Migomba ikasinyaa. Na mimi ndo nikazidi, hata bomba likifunguliwa naruka.

Mwisho nikapelekwa kwa shangazi, Njoro, huko mjini, hadi shule nikahama. Eti kwa muda. Nilikuwa nalia kila siku, nilitaka kwetu.

Shangazi ndiye aliyenipeleka hospitali kwa mshauri nasaha. Nilijua ataniambia nisahau, kama wengine. Yule mama akasema, "Hujarogwa, na kichaa huna. Mwili wako bado unadhani udongo unashuka."

Akaniambia hiyo hali inaitwa PTSD, kiwewe kinachobaki baada ya tukio la kutisha, na kadiri tunavyoyakimbia maji ndivyo hofu inavyonenepa. Nilimwonea baba huruma. Alikuwa anafanya kwa upendo.

Tulienda pole pole. Kusimulia (nilianza kwa kuandika, mdomo uligoma). Kupumua. Kusikiliza bomba huku nimeng'ang'ania kiti. Kuna wiki nilirudi nyuma kabisa, sitawadanganya.

Likizo hii nikamwomba baba asiitoe zamu. Alisita sana. Tukapanda wote, akazibua mfongo, maji yakaja.

Nilitetemeka wakuu, ila miguu haikukimbia. Nikageuka nimwambie baba, nikakuta ameyapa mgongo maji, mikono inamcheza kuliko mimi.

Maji yakafika kwenye migomba. Ndipo akauliza, "Huyo mama wa mjini, na watu wazima anawasikiliza?"

Nikasema anawasikiliza.

"Basi ukishuka, tutashuka wote."

Ameshaanza kwenda. Muhula ujao narudi shule ya kwetu.

Nilichojifunza: kumfichia mtu kile anachokiogopa hakumponyi, hata ukifanya kwa mapenzi. Na aliyekuokoa naye anaweza kuwa ameumia, muulizeni.

Kuna mtu humu amewahi kumpeleka mzazi wake counselling? Mlianzaje kuongea nyumbani? Natamani kusikia.