Mihuri Mitatu na Ufa wa Ndiva

Miaka ya Ujamaa nilikuwa katibu wa kijiji huko Vudee, na taarifa zetu kwenda Same zilinikera. Kuku aliyepotea aliandikiwa ukurasa mzima, maporomoko ya udongo mstari mmoja. Nikachonga mihuri mitatu kwa mpira wa tairi: HABARI, ONYO, HATARI. Kila taarifa ilianza na mmojawapo. Neno la nne halikuruhusiwa. Same walifurahi. Habari waliiweka jaladani, Onyo walilijibu kwa barua, Hatari waliifuata kwa Landrova.

Landrova ndiyo iliyotuponza. Ilileta mabwana sita, na mgeni huchinjiwa mbuzi. Baada ya Hatari mbili, kamati ya kijiji iliamua kwamba kijiji hakina hatari tena.

Masika yale ukuta wa ndiva, bwawa letu la kumwagilia, ulipata ufa. Chini yake palikuwa na nyumba moja, ya mama mjane. Mwenyekiti alisema ufa usioongezeka ni Habari. Nilikwenda kuupima; ulikuwa umeongezeka vidole viwili.

"Basi ni Habari nyingine," akasema.

Kesho yake mama yule alikuja ofisini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nyumba yangu umeigongea nini?"

"Habari."

"Maji yakinikuta kitandani, mwanangu, utaandika nimeoga?"

Nikamweleza mambo ya mabwana sita na mbuzi.

"Gonga Hatari. Mambo ya mbuzi niachie mimi."

Niligonga. Siku Landrova ilipofika, mwenyekiti alikuwa amesimama barabarani na mbuzi kwenye kamba. Kabla hajamaliza kukaribisha, pembe ya msaragambo ikalia. Mama alikuwa amezungumza na mpigaji tangu alfajiri. Kwetu pembe hiyo ikilia, kila mwenye miguu huenda kwenye kazi ya pamoja, awe mwenyeji au mgeni.

"Mwenyekiti," mama akamwambia, "huyo mbuzi hajui kubeba mawe. Mfunge hapo, uje."

Mbuzi alifungwa kwenye bampa. Mabwana sita walivua viatu, wakabeba mawe na udongo hadi alasiri, wakala makande pamoja nasi. Ufa ukazibwa.

Jioni mama alisimama mbele ya meza yangu.

"Sasa andika. Habari njema."

Nilimweleza kwamba njema haimo kwenye mihuri. Hakuondoka. Nikagonga HABARI, kisha nikaongeza njema kwa kalamu.