Deo wa Kayanga aliniuzia "leza ya maji", ikaniumbua msibani Kituntu

"Nisome nini? Maji yameshasoma yote."

Hayo alisema Jovin mbele ya kaburi la mama yake, kule Kituntu, mvua inanyesha. Mkononi kashika wasifu wa marehemu niliouprinti mimi. Maandishi yanamtiririka mpaka kwenye kiwiko. Picha ya mama pale mbele imekuwa uso wa bluu.

Kilichobaki kinasomeka ni mstari wa chini tu, alipokuwa ameubana na dole gumba: "Imechapwa na Mama Jose Stationery, Rubwera."

Watu wote wakageuka kunitazama.

Wakuu heshima zenu, na wakubwa shikamooni. Mimi ni wa darasa la saba, mtanivumilia uandishi. Ila ninayoandika yamenipata mwenyewe, na wa kutajwa nitamtaja.

Nilikuwa mkulima wa ndizi Igurwa. Mnyauko ukaingia shambani, nikakata migomba yangu yote na kuifukia. Aliyewahi kuifanya kazi hiyo anajua.

Nikasema njaa haitanikuta nimekaa. Nikauza kahawa iliyobaki, nikaenda Kayanga kwa Deo, anauza vifaa vya ofisi used.

Nilimwambia wazi, "Baba, nataka printa ya leza. Kwetu mvua ni nyingi na karatasi zinapanda bodaboda."

Akanionyesha mashine ina vichupa vinne vya rangi ubavuni.

"Mama, hii ndiyo leza ya maji. Toleo jipya."

"Leza ina maji?"

"Ya unga ni ya zamani. Wewe unataka ya zamani?"

Nani anataka kuonekana wa zamani. Akachapa karatasi moja, akaisugua na kidole, haikuchafuka. Nikaridhika.

Kidole kikavu, wakuu. Hapo ndipo nilipoliwa.

Nikafungua duka Rubwera, karibu na maofisi. Kiangazi chote hakuna aliyelalamika. Nikaanza kujiita mfanyabiashara. Mvua za kwanza zikaja na ule msiba.

Marehemu alikuwa mkunga wa jadi. Nusu ya waliokuwa pale makaburini walipokelewa na mikono yake. Jovin aliposhindwa kusoma, mama mmoja akasema kutoka nyuma, "Kunja hiyo karatasi, mwanangu. Mimi alinizalisha mapacha, mvua kama hii hii."

Mwingine akadakia. Na mwingine. Mzee mmoja mwenye mvi akasema, "Mimi nilimkojolea siku ile ile aliyonipokea, na mpaka juzi alikuwa ananidai sabuni." Watu wakacheka kaburini. Wasifu ukasemwa kwa midomo, mrefu kuliko wangu.

Lakini mimi sikusamehewa. Wateja wakakatika. Jirani mmoja akipita dukani ananiuliza, "Mama Jose, na miavuli unauza?"

Ndipo nikaja kuuliza humu jukwaani. Wengine mlinicheka, nimewasamehe. Mkuu mmoja akanielewesha taratibu, na mimi nawapa alichonipa.

Printa yenye vichupa ni ya wino. Kichwa chake kinakwenda huku na huku kinarusha matone madogo sana kwenye karatasi. Kwa picha za rangi ni nzuri. Ila wino wa kawaida wa mle ni wa maji, na ukikutana na maji unarudi kwao. Upo wino mwingine unaovumilia, lazima uulize.

Leza haina maji. Ina unga unaoitwa tona. Mwanga unachora maandishi kwenye dramu, yaani silinda ya ndani, unga unang'ang'ania pale palipochorwa, unahamia kwenye karatasi, kisha moto unauyeyusha na kuugandisha. Ndiyo maana karatasi inatoka ya moto kama chapati.

Zile za risiti hazina wino kabisa, zinaunguza karatasi maalumu. Usitunze risiti juani.

Basi ile mashine nikabadilishana na mpiga picha mmoja, nikiwa nimemweleza ubaya wake wote. Yeye picha zake anazitia plastiki, hana hofu. Akanipa leza kuukuu ya rangi nyeusi tu. Kabla sijaibeba nilizamisha karatasi iliyochapwa nayo kwenye beseni la maji. Ikalegea kama mlenda, lakini herufi hazikutikisika.

Beseni hilo sasa liko kaunta. Mteja anazamisha mwenyewe.

Wiki iliyopita Jovin aliingia. Nilitamani nijifiche chini ya meza. Akasema anataka wasifu mpya kwa ajili ya misa ya kumbukumbu, "na safari hii uweke yale ya mapacha na ya sabuni."

Nikachapa. Akazamisha yeye. Akaitoa, akaisoma yote kwa sauti, maji yanachuruzika sakafuni.

"Haya, Mama Jose. Chapa nyingine."

Funzo: usinunue printa kwa kidole kikavu. Mwenye la kuongeza au kunisahihisha aseme, ninasoma zote.

Na wewe Deo, najua umo humu. Nasikia bado unauza leza ya maji. Pesa yangu kaa nayo. Siku ya misa njoo Kituntu, usimame pale Jovin aliposimama, uwaeleze wale kina mama uliniuzia nini na kwa nini. Mimi nitakuwepo.