Pini za Prosesa

Fundi wa kompyuta wa mjini Sultan Hamud hushika prosesa, ule ubongo wa mashine, kwa ncha za vidole, pembeni tu, kama kifaranga cha siku moja. Kidole cha mteja kikikaribia zile pini za chini, hufoka: "Ukigusa hapo, umeiua!" Wala hakuuzii kabla hajajua utacheza mchezo gani.

Munyao alipomletea karatasi ya vipuri yenye mwandiko wa mwanawe, fundi alipanga prosesa tatu za mtumba, akainua ya bei nafuu.

"Mzee, kijana anapenda mchezo gani?"

"Alikuwa anapenda ule wa mpira. Tunamzika Ijumaa. Nataka tu kumalizia mashine yake."

Kiganja cha fundi kilijikunja, prosesa ikiwa ndani, akaibana, akaibana, mpaka pini zote zikapinda.