Klorini Kwenye Mapipa ya Evodia

Evodia alikuwa amefanya kazi miaka kumi na tisa kwenye mabwawa ya majitaka ya machinjio, nje kidogo ya Kiomboi, na kwenye basi watu walikuwa bado wanahama kiti kwa harufu akikaa karibu nao. Kazi yake ilikuwa buti na koleo, kuopoa mafuta na manyoya, mpaka alipokuja Jenipher, mtafiti wa chuo, akafunga mapipa matatu kando ya bwawa.

“Mama, humu kuna vijidudu vinavyokula methani, hii gesi inayobubujika bwawani,” alimweleza. “Vikiila, vinapunguza na naitreti, ile inayojaza ukijani kwenye mfereji wanakokunywa ng'ombe. Ila vinakua polepole mno, na havitaki hewa.”

Evodia alivilea. Asubuhi na jioni alipima joto, akachovya karatasi ya kupimia naitreti, akaandika daftarini. Mwezi wa kumi na nne, karatasi iliyokuwa ikigeuka nyekundu iliyoiva ilitoka na wekundu wa mbali tu: naitreti imeshuka. Siku hiyo alicheka peke yake.

Kisha ukaja ujumbe kwamba wageni wa ngazi za juu wanakuja kukagua mradi. Evodia alikuwa msibani Mtinko. Meneja wa machinjio, Zefania, alichungulia mapipa, akaona utelezi wa rangi ya kutu, ambao ndio vijidudu vyenyewe, akaudhania uchafu, akaamuru yasuguliwe kwa klorini.

Evodia aliporudi, harufu ya klorini ilimpokea getini. Alifunua pipa la kwanza, lilikuwa jeupe. La pili, jeupe. La tatu hakulifunua. Alichukua daftari lake.

Wageni walikuwa wameshafika. “Mradi unaendelea vizuri,” Zefania alikuwa akiwaambia.

“Hauendelei,” Evodia alisema. “Vijidudu vimekufa. Vimeuawa juzi kwa klorini, ili ninyi mkute mapipa safi.”

Zefania alicheka kidogo. “Mama huyu ni wa usafi tu. Mambo ya kitaalamu hayajui.”

“Nimezama humu mpaka kiunoni miaka kumi na tisa,” Evodia alisema, sauti yake haikupanda. “Daftari hili hapa. Nionyeshe ukurasa mmoja ulioandika wewe.”

Mgeni mmoja alilichukua, akapiga picha kurasa zote.

Kesho yake Evodia alihamishiwa kufagia getini, akatakiwa aandike barua ya kuomba radhi. Aliandika tarehe, kiasi cha klorini, na jina la aliyeamuru. Radhi hakuomba. Baada ya wiki sita ikaja amri kutoka juu: arudishwe kwenye mapipa, na mtu mwingine asiyaguse.

Jenipher alikuja. “Shikamoo mama.”

“Marahaba. Tunaanzia wapi?”

“Kwenye tope la chini kabisa la bwawa. Huko vimebaki vichache. Itachukua tena mwaka na zaidi.”

Mwaka na zaidi, kwa ajili ya asubuhi moja ya mtu kutaka kusifiwa. Evodia alivaa buti, akaingia bwawani, akachota tope kwa nguvu hata Jenipher akasogea nyuma. Zefania alipita, akamwamkia kwa heshima zote.

“Marahaba,” Evodia aliitikia, bila kuinua uso, akaendelea kuchota.